Mkono wa Rubani na Utulivu wa Eropleni



Siku moja kijana wa skuli alinijia akaniuliza, "Mwalimu, eropleni ikiwa juu angani, je, rubani ndiye anayeishikilia isianguke, ama hujishikilia yenyewe?" Nilikuwa na haraka, nikamjibu kwamba rubani ndiye aishikiliaye, nikaenda zangu. Njiani nikaona haya, maana nilimpa nusu ya jibu, tena nusu iliyo mbovu. Eropleni iliyotengenezwa vema hujishikilia yenyewe kwa sehemu kubwa, na mara nyingi kazi ya rubani ni kuiacha ifanye hivyo. Watu wengi wamekufa, si kwa sababu mkono wa rubani ulilegea, bali kwa sababu ulikaza mno, au ulikwenda upande usiopasa. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulieni leo.

Kwanza lazima tujue jinsi eropleni inavyoendeshwa. Motakaa hugeuka kulia na kushoto tu, na jahazi kadhalika. Lakini eropleni ina njia tatu za kugeuka. Huweza kuinua pua na kuinamisha pua. Huweza kulala ubavu, bawa moja juu na moja chini. Tena huweza kuelekeza pua kulia au kushoto kama chombo cha baharini. Kwa kila njia pana kibao chake. Nyuma, katika bawa dogo la mkia, pana kibao kichezacho juu na chini, nacho ndicho kiinuacho na kuinamisha pua. Karibu na ncha za mabawa makubwa mna vibao viwili. Kimoja kikipanda mwenziwe hushuka, navyo huilaza eropleni ubavu. Na katika lile pezi lililosimama juu ya mkia pana usukani, kama usukani wa jahazi. Rubani hushika fimbo au gurudumu mkononi. Akivuta, pua huinuka. Akisukuma, pua huinama. Akipeleka kulia, eropleni hulala kulia. Miguu yake i juu ya vikanyagio viwili, navyo ndivyo viendeshavyo usukani.

Hapa watu wengi hukosea. Hudhani kwamba eropleni hugeuzwa njia kwa usukani, kama jahazi. Sivyo. Eropleni hugeuka kwa kulala ubavu, kama mpanda baiskeli anavyoinama akipinda kona. Usukani husaidia tu, ili mkia ufuate pua sawasawa. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia tutakapofika kwenye msiba wa New York.

Sasa habari ya utulivu. Tazameni mshale. Chuma kiko mbele na manyoya yako nyuma. Mshale ukipinda hewani, upepo hupiga manyoya na kuurudisha katika njia yake, wala hakuna mtu aliyeupanda kuuelekeza. Mkia wa eropleni ndio manyoya yake. Lakini manyoya peke yake hayatoshi, yapasa uzito uwe mbele. Jaribuni wenyewe. Kunjeni eropleni ya karatasi, mbandike donge dogo la nta puani, kisha mwirushe. Itakwenda mbele ikishuka taratibu. Ondoeni lile donge mlibandike mkiani. Karatasi ni ile ile na mkono ni ule ule, lakini sasa itainua pua, itasimama hewani kidogo kama iliyoshangaa, kisha itaanguka kinyumenyume. Mabaharia wanajua jambo hili kwa njia yao, maana nahodha hakubali farumi na magunia yarundikwe tezini wakati omo imebaki tupu. Basi msafiri wa eropleni ndogo akiambiwa ahamie kiti cha mbele, asidhani kwamba ni heshima anayopewa. Yeye ni farumi.

Lakini utulivu nao una bei yake. Linganisheni ngalawa na mtumbwi mwembamba usio na mirengu. Ngalawa imetulia juu ya mirengu yake, hata mtoto aweza kusimama ndani. Ila ukitaka kuigeuza upesi, hubisha. Mtumbwi hugeuka mara moja ukiugusa kafi, lakini ukipiga chafya waweza kujikuta majini. Eropleni za abiria hujengwa kwa mfano wa ngalawa. Eropleni za vita, zitakiwazo kugeuka ghafula, huelekea upande wa mtumbwi. Na nyingine za siku hizi zimejengwa makusudi zisitulie kabisa, ila mna mashine za hesabu ndani yake zinazosogeza vibao mara nyingi katika kila sekunde, kazi ambayo mkono wa mwanadamu hauiwezi.

Watu wa kwanza walioonja taabu hii kwa ukamilifu ni wale ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, wa mji wa Dayton katika Marekani. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Walijua kwamba Mjerumani mmoja, Otto Lilienthal, alikuwa akiruka kutoka vilimani kwa mabawa aliyoyajifunga, akiyaongoza kwa kutupa miguu na mwili wake huku na huku; na kwamba mwaka 1896 upepo uliinua mabawa yake, mwili wake usiweze kuyarudisha kwa wakati, akaanguka akafa. Ndugu hawa wakafikiri kama mafundi wa baiskeli. Baiskeli haisimami yenyewe, wakasema, lakini mtu hujifunza kuitawala mpaka akaisahau. Basi na tuunde chombo ambacho rubani atakitawala kwa vibao, wala tusijitie taabu sana kukifanya kitulie chenyewe.

Kibao cha kuinua pua wakakiweka mbele badala ya mkiani. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, Orville aliruka kwa sekunde 12 akaenda futi 120. Dunia nzima hukumbuka zile sekunde 12, lakini wachache wanajua jinsi zilivyokuwa. Chombo kilipanda na kushuka kama mashua iingiayo mawimbini. Orville alieleza baadaye kwamba kile kibao cha mbele kilikuwa chepesi kupita kiasi: akikigusa kidogo, chenyewe kilijigeuza zaidi ya alivyotaka, hata chombo kikaruka juu ghafula, kisha kikachupa kuelekea chini. Safari ya nne ya siku ile, ambayo Wilbur alikwenda futi 852 kwa sekunde 59, iliishia vivyo hivyo. Chombo kilianza tena kuyumba juu na chini mpaka kikajikita mchangani, na mbao za mbele zikavunjika. Walikaa miaka miwili wakitibu ugonjwa huu. Mwaka 1904 waliongeza chuma kizito puani, na mwaka 1905 wakakikuza kile kibao na kukisogeza mbele zaidi. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur aliruka maili 24 kwa muda wa dakika 39. Mkono ulikuwa ule ule. Chombo ndicho kilichopunguziwa wepesi wa kushtuka, na mkono nao umekwisha kujua kungoja.

Jambo moja la kuchekesha kidogo nitalitaja hapa. Katika eropleni za kufundishia ambazo ndugu hawa waliziunda baadaye, viti vilikuwa viwili sambamba, na kijiti cha kuilaza eropleni kilikuwa kimoja tu katikati. Basi mwanafunzi wa kiti cha kushoto alijifunza kukishika kwa mkono wa kulia, na yule wa kulia kwa mkono wa kushoto. Mikono ikiisha kuzoea, rubani wa kushoto hakuweza kuhamia kulia pasipo kujifunza upya. Mnaona jinsi ujuzi wa kurusha unavyokaa katika mkono kabla haujakaa katika kichwa.

Kungoja! Neno hili ndilo gumu kuliko yote kwa mwanafunzi. Mwaka 1908 Mwingereza Frederick Lanchester alieleza katika kitabu tabia moja ya eropleni. Upepo ukiinua pua yake, eropleni hupanda, na kwa kupanda hupoteza mwendo. Mwendo ukipungua, pua huinama yenyewe; eropleni hushuka, mwendo huongezeka, na pua huinuka tena. Hupita hivi juu na chini kama wimbi refu, na katika eropleni iliyosawazishwa kila wimbi huwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka yote yatulie. Rubani asiguse kitu, na hakuna neno litakaloharibika.

Lakini mwanafunzi hawezi kukaa bila kugusa. Macho yake yamekazwa kwenye kipimo cha mwendo. Anaona mshale wa kipimo unapanda, anavuta fimbo. Kumbe pua ilikuwa tayari imeanza kuinuka yenyewe, na sasa imeinuka mara mbili. Anaona mshale unaanguka, anasukuma. Kumbe pua ilikuwa ikiinama yenyewe. Wimbi ambalo lingekufa, analilisha. Nanyi mmeona kijana anayejifunza baiskeli: gurudumu likikimbilia kulia hulivuta kushoto kwa nguvu, kisha kulia kwa nguvu zaidi, mpaka wote wawili wamo mtaroni. Mwalimu mzuri wa urubani humwambia mwanafunzi aishike fimbo kwa vidole viwili au vitatu, aelekeze pua mahali pake, asubiri mwendo utulie, kisha azungushe gurudumu dogo la kusawazishia mpaka fimbo isiwe na uzito mkononi. Baada ya hapo humwambia aachie kabisa. Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba eropleni huruka vizuri zaidi wakiwa wameweka mikono mapajani.

Msidhani kwamba kosa hili ni la wanafunzi tu. Tarehe 26 Oktoba 1977, huko California, chombo cha Marekani kiitwacho Enterprise, kilichoundwa kwa kujaribia safari za anga za juu, kilikuwa kikitua mara ya tano kikiongozwa na Fred Haise, mtu aliyekwisha kuuzunguka mwezi. Alitaka kutua mahali palepale palipowekwa alama, akawa anasahihisha upesi upesi karibu na ardhi. Lakini baina ya mkono wake na vibao palikuwa na mashine za hesabu, na baina ya vibao na mwendo wa chombo kizito kile palikuwa na kukawia kidogo. Kila sahihisho likafika wakati ambapo halikutakiwa tena, bali kinyume chake ndicho kilichotakiwa. Chombo kikagusa chini, kikaruka, kikayumba huku na huku. Haise alipolegeza mkono, kikatulia, kikatua salama.

Huko Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mambo hayakwisha kwa wepesi huo. Tarehe 8 Agosti 1993 watu wengi mno walikuwa kando ya maji katika sikukuu, wakiitazama eropleni mpya ya vita iitwayo Gripen. Hiyo ilikuwa moja ya zile ambazo hazitulii pasipo mashine. Rubani alipeleka kijiti upande mmoja na upande mwingine kwa wepesi na kwa ukubwa kuliko mashine zilivyoweza kuvisogeza vibao. Vibao vikawa vimefikia upeo wa mbio zao, vikibaki nyuma ya mkono, na mkono ukizidi kuvifukuza. Eropleni ikainua pua, ikasimama hewani, rubani akajirusha kwa mwavuli. Kwa rehema eropleni ile iliangukia kisiwa cha Langholmen, wala hakufa mtu. Wachunguzi hawakumtupia rubani lawama yote. Walisema kwamba chombo kinachoweza kuingia katika mchezo kama huu kwa sababu ya mkono wa haraka kina kasoro, nao wakairekebisha ile hesabu ya mashine. Naona walihukumu kwa haki. Mshtuko ni desturi ya mkono wa mwanadamu, na fundi aundaye chombo lazima aihesabu desturi hiyo kama anavyohesabu uzito wa injini.

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote, yaani bawa kuishiwa na nguvu. Bawa hubeba eropleni kwa kukata hewa likiwa limeinamishwa kwa pembe ndogo. Pembe ikizidi, nguvu huzidi. Lakini ikipita kiasi, katika mabawa mengi yapata digrii 15, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Huuacha, hufanya vurugu, na nguvu ya kubeba hupungua ghafula. Tuseme bawa limezimia. Injini yaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Si injini iliyozimika, ni bawa. Dawa yake ni moja: kupunguza pembe, yaani kusukuma fimbo mbele. Lakini fikirini hali ya mtu aliyemo ndani. Anaona anaanguka, na kila mshipa wa mwili wake unamwambia avute fimbo ili apande. Akivuta huzidisha pembe, na bawa huzidi kuzimia.

Bawa moja likizimia kabla ya mwenziwe, eropleni huanguka huku ikizunguka kama pia. Katika miaka ya mwanzo aliyeingia katika hali hiyo alihesabiwa kuwa amekufa. Tarehe 25 Agosti 1912, katika uwanda wa Salisbury huko Uingereza, afisa kijana jina lake Wilfred Parke alikuwa akirudi kutua, akaanza kuzunguka hivyo. Alifanya kama watu walivyokuwa wakiamini: akavuta fimbo kabisa, akakanyaga usukani kuelekea ndani ya mzunguko. Mzunguko ukazidi. Alipokuwa karibu kabisa na ardhi, pasipo tumaini jingine, akakanyaga usukani upande wa pili. Papo hapo eropleni ikaacha kuzunguka, akaiinua yapata futi 50 tu juu ya majani, akatua. Wenziwe walimkusanyikia wakamhoji kila alichofanya kwa mikono na miguu yake, wakakiandika. Parke mwenyewe alikufa katika ajali nyingine kabla mwaka ule haujaisha. Lakini lile alilolivumbua miguuni mwake, usukani kinyume cha mzunguko, likiongezwa na kusukuma fimbo mbele, bado ni sehemu ya mafundisho ya marubani wote.

Mtu angedhani kwamba baada ya miaka karibu mia jambo hili halitaua tena. Tarehe 1 Juni 2009 eropleni kubwa ya Air France, safari namba 447, ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, na watu 228 ndani yake. Ilikuwa usiku, futi 35,000 juu. Barafu ikaziba vile vibomba vidogo vya kupimia mwendo. Mashine zikakosa kujua mwendo ni kiasi gani, na ule mtambo unaoiendesha eropleni yenyewe ukaachia. Kwa wakati ule eropleni haikuwa na ugonjwa mwingine wo wote. Lau marubani wangeiacha pua mahali pake na nguvu za injini mahali pake, ingeendelea na safari, na vibomba vikazibuka baada ya muda mfupi. Lakini rubani aliyekuwa akiiongoza alivuta. Eropleni ikapanda mpaka karibu futi 38,000, mwendo ukapungua, mabawa yakazimia, ikaanza kushuka huku pua iko juu. Ilishuka kwa muda wa dakika tatu na nusu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo fimbo ilikuwa imevutwa. Ikapiga bahari, hakupona hata mmoja.

Sauti ya onyo ilikuwapo, ikalia mara nyingi. Lakini sikieni ubaya uliokuwamo. Mwendo ulipopungua kupita kiasi, mashine zilikataa kuyaamini mahesabu yake, na onyo likanyamaza. Rubani alipolegeza fimbo mbele, mahesabu yakaanza kuaminika tena, na onyo likalia. Hivi alipofanya jambo jema alipigiwa kelele, na alipovuta tena kulikuwa kimya. Tena, katika eropleni zile kila rubani ana kijiti chake kidogo ubavuni, na vijiti viwili havikufungamana. Mmoja akivuta, mkono wa mwenziwe hausikii kitu. Katika eropleni nyingi za kampuni ya Boeing magurudumu ya marubani wawili yamefungamana, mmoja akivuta la mwenziwe humjia tumboni. Mafundi wamebishana sana juu ya njia hizi mbili, na kila moja ina sifa zake. Eropleni za vijiti zimebeba mamilioni ya watu kwa salama. Lakini kwa usiku ule mmoja, naona mkono wa jirani ungalisema neno ambalo masikio hayakulisikia.

Nimeahidi kuwaeleza habari ya New York, nami nitaieleza kwa ufupi. Tarehe 12 Novemba 2001 eropleni ya abiria aina ya Airbus A300 iliondoka huko, ikaingia katika hewa iliyovurugwa na eropleni kubwa iliyotangulia. Mtikisiko ule haukuwa wa kuua. Rubani aliyeiendesha akakanyaga usukani kulia, kushoto, kulia tena, kwa nguvu, katika sekunde chache. Mnajua mtoto akiwa juu ya bembea, ukimsukuma kila afikapo mwisho wa mwendo wake, husogea mbali zaidi kila mara ijapokuwa hukuzidisha nguvu. Ndivyo mkia ulivyobembezwa, mpaka lile pezi lililosimama likakatika likaanguka baharini. Walikufa watu 260 waliokuwamo, na 5 waliokuwa chini. Wachunguzi walisema kwamba kule kukanyaga hakukuhitajika, tena wakataja mambo mawili yaliyomsaidia rubani kukosea: vikanyagio vyepesi mno katika mwendo mkubwa, na mafundisho aliyopewa, yaliyomtia moyo kutegemea miguu mahali ambapo mkono ungetosha.

Msiba wa mwisho nitakaoutaja ni wetu sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 eropleni ya Kenya Airways, safari namba 507, iliondoka Douala katika nchi ya Kameruni ikielekea Nairobi. Kulikuwa na dhoruba karibu na giza tupu. Mbele ya kioo hapakuonekana ardhi wala mbingu. Baada ya kuruka eropleni ilielekea kulala kidogo upande wa kulia, jambo dogo, la kusahihishwa kwa kidole. Rubani mkuu akatamka neno la kuagiza ule mtambo wa kujiendesha uishike eropleni. Lakini mtambo haukuwashwa, wala hakuna aliyehakikisha kwamba umewashwa. Kwa karibu dakika moja eropleni ikawa haina mkono wa mtu wala mkono wa mtambo, ikizidi kulala kulia polepole.

Mtauliza, je, hawakusikia kwamba inalala? Hawakusikia, nanyi msingalisikia. Ndani ya sikio la kila mtu mna mifereji mitatu midogo yenye maji, nayo ndiyo itujulishayo kwamba tumegeuzwa. Ukigeuzwa kwa ghafula maji hushtuka, nawe hujua. Ukigeuzwa polepole sana hayashtuki, nawe huapa kwamba umekaa wima. Mchana macho husahihisha uongo huu kwa kutazama upeo wa mbingu na nchi. Usiku ule hapakuwa na upeo. Eropleni ilipolala zaidi ya digrii 30 sauti ya onyo ikatoka. Rubani aliyekuwa akiamini kwamba yu wima akashtuka, na mkono wake wa kwanza ukapeleka gurudumu kulia, upande ule ule ilikolala. Kisha kushoto, kisha kulia tena. Muda mfupi baadaye eropleni iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko, si mbali na uwanja. Walikuwamo watu 114, wote wakafa.

Katika vyumba vingi vya marubani kuna kipimo kinachoonyesha upeo wa bandia: mstari mmoja, buluu juu na rangi ya udongo chini, na alama ya mabawa katikati. Mstari ule haudanganywi na maji ya sikio. Marubani hufundishwa juu yake kwa njia hii. Mwalimu humwambia mwanafunzi afumbe macho na ainamishe kichwa. Yeye mwenyewe huilaza eropleni polepole, mara huku mara huku, mpaka mwanafunzi asijue tena yuko namna gani. Kisha humwambia, "Fumbua, ishike!" Mwanafunzi hapaswi kusogeza mkono kwanza. Hupaswa kutazama ule mstari, aseme moyoni bawa lipi liko chini, ndipo apeleke fimbo upande wa bawa lililo juu, kwa njia iliyo fupi, mpaka mstari ulale sawa. Siku za kwanza wengi husogeza mkono kabla hawajatazama, na baadhi yao husogeza upande usiofaa. Mwalimu huwarudisha juu, huwafumbisha macho tena.